Kisio la Macho na Kisio la Mkono

Kwa miaka 14 nimekuwa nikikutana na kikundi kidogo cha wapenzi wa zana za mkono za zamani, na kila tunapokutana shughuli huanza kwa namna ile ile: mmoja wetu huweka mezani kifaa kilichofunikwa kwa kitambaa, hukifunua, na kila aliyeketi hutakiwa kusema kinafanya kazi gani. Duru ya kwanza tunaiita kisio la macho, kwa kuwa hakuna ruhusa ya kugusa. Duru ya pili tunaiita kisio la mkono, kwa kuwa kila mmoja hukishika kifaa, hukipima uzito, hukigeuza, hukinusa na kupitisha kidole kwenye makali kama yapo, ndipo aseme tena. Duru ya kwanza hujaa vicheko, na ya pili hujaa ukimya. Ninaandika haya kwa sababu wengi hudhani kwamba utani wa wapenzi wa zana ni upuuzi wa watu wenye muda mwingi, ilhali kwangu utani huo ndio uliokuwa shule, na sehemu kubwa ya ninayoyajua kuhusu chuma, mbao na mikono ya waliotutangulia niliyapata nikiwa nacheka.

Kifaa kilichonipa somo la kwanza kililetwa na mzee mmoja aliyekuwa mhunzi maisha yake yote, ambaye sisi humwita Mzee tu. Kilikuwa gurudumu la chuma lenye kipenyo cha sentimita 20 hivi, limeshikizwa kwa msumari mnene kwenye ncha ya mpini wa mbao, nalo lilizunguka kwa urahisi ukilisukuma kwa kidole. Ukingo wake ulikuwa mwembamba, na mahali pamoja palikuwa na mkato mdogo uliotiwa kwa tupa. Mwalimu mstaafu aliye miongoni mwetu alitangaza kwamba hiyo ilikuwa baiskeli iliyouzwa vipande vipande mpaka ikabaki hiyo. Mwashi mmoja alisema ni kifaa cha kuchora mistari kwenye lipu mbichi. Mimi, kwa uhakika mkubwa, nilisema ni kisu cha kukatia ngozi ya kushonea viatu, na nikaeleza kwa kirefu jinsi fundi viatu alivyokuwa akikibiringisha juu ya ngozi iliyotandazwa.

Kilipofika mkononi mwangu katika duru ya pili, maelezo yangu yote yaliporomoka. Ukingo haukuwa na makali, wala haukuwahi kuwa nayo, kwa maana haukuwa na alama hata moja ya kinoo. Tundu la katikati lilikuwa limelika na kuwa na umbo la yai, jambo lililoonyesha kwamba kifaa kilizungushwa maelfu ya mara huku kikikandamizwa kidogo tu. Mpini uling'aa upande mmoja, pale kiganja kilipokaa, na upande wa pili ulibaki na ukavu wake. Nilikaa na vitu hivyo vitatu mkononi bila kuweza kuviunganisha. Ndipo Mzee alipolichukua gurudumu lake, akaligusisha mkato wake kwenye kona ya meza, akaanza kulibiringisha ukingoni polepole, na kila mkato uliporudi kugusa meza alihesabu kwa sauti ya chini: moja, mbili, tatu.

Lilikuwa gurudumu la kupimia, zana ya watu waliotengeneza magurudumu ya mikokoteni. Gurudumu la mbao hufungwa pete ya chuma nje, na pete hiyo lazima ilingane na mzingo wa gurudumu kwa usahihi ambao kamba hainao, kwa sababu kamba hunyooka na kulegea. Fundi aliweka alama ya chaki kwenye ukingo wa mbao, akabiringisha kifaa chake kuuzunguka, akahesabu mizunguko na kuandika kipande kilichobaki. Kisha akakibiringisha kwenye upapi wa chuma ulionyooka kwa hesabu ile ile. Chuma alikikata kikiwa kifupi kidogo kuliko kipimo, akakikunja na kukiunga kikawa pete ndogo kuliko gurudumu lenyewe. Pete iliwekwa motoni mpaka ikatanuka, ikavikwa gurudumu kwa haraka, ikamwagiwa maji, na iliponywea iliubana ukingo, ukingo ukazisukuma spoki, spoki zikaingia kwa nguvu kwenye kitovu, na kila kiungio cha mbao kikakazwa bila msumari wala gundi. Mzee alisema kwamba ulikuwa unausikia mlio wa mbao zikibanwa, na aliposema hivyo aliiga mlio huo kwa ulimi.

Mwalimu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni rula iliyokataa kunyooka." Tulicheka sana, na nilipokuwa nikicheka nilitambua kwamba hakuna maelezo mafupi na sahihi zaidi ya hayo ambayo mtu angeweza kuyatoa. Tangu siku ile nimekuwa makini na mzaha wa watu wanaokijua kitu, kwa sababu mzaha wao hubeba fasili. Asiyekijua kifaa huchekesha kwa sura yake, na anayekijua huchekesha kwa kazi yake, na ukisikiliza kwa uangalifu unaweza kutofautisha hao wawili bila kuambiwa.

Sipendi hata hivyo mtu adhani kwamba zana za kale zote ni mafumbo. Mwaka 1936, kwenye kisiwa cha Gotland nchini Uswidi, mkulima aliyekuwa akilima shamba lililokuwa zamani bwawa la matope aliibua sanduku la mbao lenye vitu zaidi ya 200, vingi vikiwa zana za useremala na uhunzi zenye umri wa takriban miaka 1000. Tulipozitazama picha zake pamoja, Mzee alizitaja moja baada ya nyingine kama mtu anayewaita wajukuu zake: nyundo, koleo, tezo, tupa, msumeno. Kwa upande mwingine, Karl Marx aliandika mwaka 1867 kwamba katika jiji la Birmingham peke yake zilitengenezwa aina 500 za nyundo, na taarifa hiyo imekuwa kinga ya mwenzetu mmoja mwenye nyundo zisizohesabika, ambaye kila akiulizwa kwa nini ameleta nyingine hujibu kwamba bado hajafika hata robo ya Birmingham. Tunamcheka, lakini ukimpa msumari wa ukubwa wowote yeye ndiye atakayekuonyesha nyundo iliyoundwa kwa ajili yake na kukueleza kwa nini uso wake umefanywa kuwa na mbinuko kidogo.

Ubishi uliodumu kuliko wote ulihusu kijino. Misumeno mingi ya mkono ya zamani ina kitu kidogo kinachochomoza mgongoni, karibu na ncha, upande ule usio na meno: wakati mwingine ni pembe moja ndogo, wakati mwingine ni mikato miwili mitatu iliyochongwa kwa madaha. Tulibishana kuhusu kazi yake kwa muda wa karibu miaka miwili, na sikuwahi kuona watu wazima wakitetea jambo dogo namna ile kwa bidii kubwa namna ile. Wapo waliosema ni cha kuanzishia mkato kwenye ubao. Wapo waliosema ni cha kufungia kamba inayoshikilia kifuniko cha meno msumeno unapobebwa. Mwingine alidai kwamba mtengenezaji alikigonga ili ajaribu ugumu wa chuma, na kwamba kilichobaki ni ushahidi wa jaribio hilo.

Kwa kuwa nilikuwa na misumeno miwili yenye kijino, nilichukua jukumu la kujaribu. Nilianza kwa kuanzisha mkato kwa kijino kwenye ubao laini na kwenye ubao mgumu, na katika yote mawili kilikwaruza tu bila kukata, tena ilinibidi kuugeuza msumeno juu chini na kuushika kwa namna ambayo hakuna seremala mwenye haraka angeikubali. Nikafunga kamba, iliteleza na kutoka kabla sijafika mlangoni. Kuhusu jaribio la ugumu, nilijiuliza kwa nini mtengenezaji achonge mikato ya mapambo mahali ambapo alikusudia kupagonga, na sikupata jibu. Nilirudi na taarifa yangu, na fundi seremala aliye miongoni mwetu, mwanamke ambaye tunamwita Fundi bila kuongeza neno, aliuinua msumeno kwenye mwanga na kusema, "Jamani, mnateseka bure. Hicho ni kipini cha pua. Msumeno nao unapenda kupendeza."

Kicheko kilipotulia, Mwalimu alitusomea maneno ya kampuni ya Henry Disston, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1819 na kuanzisha utengenezaji wa misumeno huko Philadelphia mwaka 1840, kampuni ambayo ilikuja kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa misumeno duniani. Katika maandishi yake yenyewe, kampuni hiyo ilisema kwamba kijino hakina matumizi yoyote ya kazi, bali ni pambo linalouvunja unyoofu wa mgongo wa msumeno. Waliokitengeneza walikuwa wamesema kile kile alichokisema Fundi kwa mzaha. Mimi nilichelewa kukubali, na nilijiuliza kwa nini. Nilikuwa nimeamini kwamba katika zana ya kazi kila kitu lazima kifanye kazi, na kwamba mafundi wa zamani walikuwa watu wakali wasio na nafasi ya uzuri. Kijino kiliniondolea imani hiyo. Siku hizi nikishika zana kongwe natafuta kwanza mahali ambapo fundi alipamba bila kulazimika: mstari uliochorwa kwenye mpini, pembe iliyolainishwa mahali pasipoguswa, duara dogo kwenye mwisho wa kabari. Mara nyingi mahali hapo ndipo unapomwona mtu aliyekitengeneza.

Utani mwingine unahusu majina, na hapa nilijifunza jambo zito zaidi. Spana ile ambayo mdomo wake hufunguliwa na kufungwa kwa kuzungusha kigurudumu, mafundi wengi wanaozungumza Kiswahili huiita spana malaya, kwa kuwa haichagui nati. Jina hilo Fundi halitamki kabisa, na mimi nimeacha kulitumia mbele yake kwa sababu namheshimu, lakini siwezi kukana kwamba aliyelibuni aliijua tabia ya kifaa: kinakubali nati yoyote, na kisipokazwa vizuri hulegea na kuziviringisha kona za nati hiyo. Mzee huongeza kwamba wengi huigeuza vibaya, kwa maana nguvu inapaswa kuelekea kwenye taya lisilosogea, si lile linalosogea.

Mwalimu, ambaye alifundisha lugha, ndiye aliyetuonyesha kwamba hakuna taifa linalotaka kuimiliki spana hiyo. Waitaliano na Wahispania huiita ufunguo wa Kiingereza. Wapolandi na Wahungaria huiita ufunguo wa Kifaransa. Wadenmaki huiita ufunguo wa Kiswidi, na angalau hao wana sababu, kwa kuwa Mswidi Johan Petter Johansson alipata hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, ya muundo wake ulioboreshwa mwaka 1892. Wajerumani wana aina mbili za kale, moja wanaiita Mwingereza na nyingine wanaiita Mfaransa. "Ni mtoto ambaye kila ukoo unamkana," alisema Mwalimu, "lakini kila nyumba inamtuma." Tangu hapo, mmoja wetu akihitaji spana hiyo husema tu, "Nipatie yule mtoto," na anayesikia humpa bila kuuliza.

Katika mazungumzo hayo ya majina ndipo nilipotoa hadithi ambayo nilikuwa nimeisimulia kwa miaka mingi. Kuna spana nyingine ya kale, yenye kichwa kizito kama cha nyundo, ambayo kwa Kiingereza imepewa jina la tumbili. Nilieleza kwamba jina hilo lilikuwa tusi la kibaguzi, kwa sababu aliyeivumbua alikuwa Jack Johnson, bondia Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Niliisimulia kwa uchungu wa kweli, na wote walinisikiliza. Mzee aliuliza swali moja tu: "Johnson alizaliwa lini?"

Nilikwenda kutafuta. Jack Johnson alizaliwa mwaka 1878. Ni kweli kabisa kwamba alipewa hataza ya spana, na hataza hiyo ilitolewa tarehe 18 Aprili 1922, naye anastahili kukumbukwa kwa ubunifu huo. Lakini Loring Coes wa Worcester, Massachusetts, alikuwa amepata hataza ya spana ya aina ile ya kichwa kizito mwaka 1841, na jina la tumbili lilikuwa likitumika kabla Johnson hajazaliwa. Hadithi yangu ilikuwa imeunganisha ukweli mmoja na uongo mmoja, na kwa sababu ukweli wake ulikuwa mzuri, sikuwa nimewahi kuuchunguza uongo. Iliniuma, kwa maana nilikuwa nimewafundisha wageni wa kikundi hadithi hiyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Nilirudi nikaisahihisha mbele ya wote, na tangu siku hiyo mtu akileta kisa cha asili ya zana, mmoja wetu huuliza kwa upole, "Alizaliwa lini?" Swali hilo limekuwa mzaha wetu, tena ni mzaha unaofanya kazi, kwa sababu hadithi nyingi huanguka hapo.

Si kila utani wa karakana unafaa. Nilipokuwa na umri wa miaka 17 na nikijifunza kazi, msimamizi wangu alinituma nikamtafutie nyundo ya mkono wa kushoto. Nilizunguka kwa mafundi wote niliowajua, na kila mmoja alinielekeza kwa mwingine kwa uso mkavu, mpaka jioni niliporudi mikono mitupu na kuwakuta wote wakinisubiri wacheke. Najua kwamba mchezo huo uko katika karakana nyingi za dunia, na kwamba wengi waliotendewa hivyo huwatendea wengine baadaye. Mimi sikuweza. Kijana aliyetumwa hutembea siku nzima akiamini kwamba kuna kitu ambacho kila mtu anakijua isipokuwa yeye, na siku inayofuata haulizi tena hata pale anapopaswa kuuliza, na mwanagenzi asiyeuliza hujikata. Ndiyo maana napenda utaratibu wetu wa makisio: wote hukosea mbele ya wote, na anayejua hukosea pia wiki inayofuata.

Miaka mingi baadaye nilisimulia kisa hicho mezani, na Fundi, ambaye hutumia mkono wa kushoto, alisikiliza bila kutabasamu. Mara iliyofuata alileta kifaa kikiwa kimefunikwa. Kilikuwa shoka pana la kuchongea magogo kuwa boriti. Katika kisio la macho tuliliita shoka na tukaridhika. Katika kisio la mkono nilihisi jambo la ajabu: bapa lake lilikuwa tambarare kabisa upande wa kulia, kama patasi, na makali yalikuwa yamenolewa kwa mteremko upande wa kushoto peke yake. Mpini nao haukunyooka; ulipinda kwenda kushoto, mbali na upande tambarare, ili vidole vya mchongaji visikwaruze gogo shoka linapoteremka sambamba nalo. Nililishika kama ninavyoshika mashoka yote, nikajaribu kusimama kama anayechonga, na mwili wangu ukakataa. Mguu ulikuwa mahali pabaya, bega lilikuwa mahali pabaya, na upande tambarare ulitazama hewani badala ya kutazama gogo.

Fundi alilichukua kutoka mikononi mwangu, akasimama upande wa pili wa gogo la kufikirika, na kila kitu kikakaa sawa. "Mwambie yule msimamizi wako," alisema, "kwamba nyundo ya mkono wa kushoto haipo, lakini shoka lipo, na angekutuma shoka ungerudi nalo." Tulicheka, na mimi nilihisi jambo fulani lililokuwa limenikaa kifuani tangu utotoni likiondoka. Kwa wanaopenda kutambua zana hizo, kanuni ni rahisi: elekeza makali mbele, mpini ukiwa kwako, upande tambarare ukiwa kushoto, ni shoka la mtumia mkono wa kulia, na ukiwa kulia, ni la mtumia mkono wa kushoto. Kuna hata randa ndogo za kukwangulia kuta za mfereji uliochongwa kwenye ubao, ambazo ziliuzwa kwa jozi, moja ya kulia na moja ya kushoto, kwa sababu nyuzi za mbao haziwezi kurandwa vizuri kinyume cha mwelekeo wake.

Kosa langu kubwa kuliko yote lilihusu randa. Familia moja iliyokuwa ikihama ilinipa randa ya mbao ya kuchongea mapambo ya ukingo, nyembamba, yenye kabari na bapa vyake vyote, imejaa masizi na mafuta ya mikono ya miaka mingi. Niliona kwamba inastahili kuheshimiwa, na kwa mawazo yangu ya wakati ule heshima ilikuwa usafi. Nilitumia siku mbili nikiisugua kwa msasa, kwanza wa chenga nene na kisha wa chenga laini, mpaka mbao ikatoka nyeupe kama iliyokatwa jana. Niliifunika kwa kitambaa safi na kuileta mezani nikiwa na furaha.

Nilipoifunua hakuna aliyekisia. Fundi aliivunja kanuni ya duru ya kwanza, akanyoosha mkono, akaigusa sehemu ya mbele kwa kidole gumba na kuuliza, "Majina yako wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba watengenezaji wa randa za mbao walipiga mhuri wa jina lao kwenye uso wa mbele, na mafundi walioimiliki baadaye walipiga yao hapo hapo, au nyuma, au ubavuni, mmoja baada ya mwingine, kiasi kwamba randa moja inaweza kuwa na wamiliki wanne waliofuatana. Akanisimulia habari za Cesar Chelor wa Wrentham, Massachusetts. Chelor alikuwa mtumwa wa Francis Nicholson, mmoja wa watengenezaji wa kwanza wa randa wanaojulikana Marekani, na kwake alijifunza kazi. Nicholson alipofariki mwaka 1753 wosia wake ulimpa Chelor uhuru, zana za kazi na ekari 10 za ardhi, naye aliendelea kutengeneza randa kwa jina lake mwenyewe hadi alipofariki mwaka 1784. Mhuri wake ulisema jina lake na kwamba anaishi Wrentham. Mtu ambaye sheria ilimhesabu kuwa mali aliliandika jina lake kwenye kazi yake, na randa zake zinatambulika leo kwa sababu hakuna aliyezisugua.

Sikuwa na la kusema. Siku hiyo hakuna aliyefanya mzaha, na nilishukuru kwa hilo, kwa maana watu wanaojua kuchekesha hujua pia mahali ambapo kicheko hakipaswi kuingia. Mzee aliitazama randa kwa muda mrefu, akaigeuza, kisha akaniuliza kama nilikuwa nimeipaka mafuta. Nilimwambia kwamba bado. "Basi chemsha maji," akasema.

Alieleza huku maji yakichemka. Mhuri unapopigwa ubavuni mwa mbao hauondoi mbao. Unazikandamiza nyuzi zake. Ukisugua mpaka shimo la herufi lipotee, bado chini yake kuna nyuzi zilizobanwa ambazo hazijasahau, na zikipata unyevu na joto hujaribu kurudi zilikokuwa. Kwenye uso wa mbele, ambako nyuzi zimekatwa na kusimama wima, hakuwa na tumaini, na kweli jina la mtengenezaji halikurudi wala halitarudi. Lakini ubavuni, karibu na kisigino, aliweka kitambaa kilicholowa maji ya moto, akakiacha kwa dakika kadhaa, akakiondoa, kisha akazima taa ya juu na kuishika tochi chini kabisa, mwanga ukipita sambamba na mbao.

Mwanzoni sikuona kitu. Kisha ukaonekana mstari mmoja uliovimba, mwembamba kama uzi, na mwingine pembeni yake, na badala ya kuwa herufi iliyozama ilikuwa herufi iliyoinuka, kama mshipa juu ya mkono. Sote tuliinama mpaka vichwa vikagongana. Mwalimu alisema ni herufi R. Fundi alisema ni B ambayo mhuri wake ulivunjika. Mwenye nyundo nyingi alisema kwamba yeyote yule, alipiga mhuri kwa nyundo nzito mno, na angekuwa na nyundo inayofaa tungeisoma bila tochi. Kicheko kikarudi mezani. Nilinyoosha kidole ili niipapase ile herufi, na Mzee akaushika mkono wangu kwa upole kabla haujafika.

"Nyuzi bado ni mbichi, mwanangu," alisema. "Leo ni kisio la macho tu. Ukiigusa sasa utamfuta mara ya pili."